Mguu wa Bi Risolat umekula fahali

Muuza maziwa hajapita bado, lakini mtaa mzima umeshanukia mkate. Bi Risolat ameinama mdomoni mwa tanuri, mkono wa kulia ndani ya glavu nene inayofika begani, kichwa kimefungwa vitambaa viwili. Anabandika donge ukutani mwa tanuri, anajitoa, anapumua, anachukua jingine. Kila anapokuwa hana donge mkononi, anainuka kwa ncha za vidole vya miguu na kushuka, anainuka na kushuka, kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Mgeni akipita hudhani anachungulia kweli. Wenyeji wanajua ni agizo la daktari: shavu la mguu likifanya kazi, damu hupanda, haikai chini kuzembea.

"Na kwa jirani nimeshaona yote," anasema bila kugeuka. "Hakuna jipya. Bado wanaanika mazulia upande wetu."

Bi Risolat, mwenye umri wa miaka 58, ni mwokaji mikate katika mtaa wa wafuma hariri mjini Margilan, bonde la Fergana, nchini Uzbekistan. Siku ya kawaida hutoa mikate mia na ishirini, kila mmoja kwa somu elfu nne, na msimu wa harusi hutoa zaidi. Ameoka hapo hapo tangu alipoolewa.

Tanuri alirithishwa na mama mkwe wake. Nyumba ni ya mume, ng'ombe ni wa mume, na mfereji unaopita uani ni wa serikali. Tanuri ni lake.

Mwaka jana wakati kama huu, mwanawe alitaka kulivunja.

Mishipa ya miguu ilianza kumvimba baada ya mtoto wa tatu. Mwanzoni ilikuwa michirizi ya buluu, halafu ikawa vifundo, mwishowe ikajikunja chini ya ngozi kama kamba iliyotupwa. Jioni miguu ilikuwa mizito, ikiwasha, na usiku misuli ilikaza mpaka akamrukia mume wake kitandani, kwa sababu zisizo za mapenzi.

Huko Margilan maumivu yote huletwa na baridi. Mgongo ukiuma ni baridi, jino likiuma ni baridi, na mtu akiwa na hasira watu humtazama kama amefunga mkanda wa sufu kiunoni. Kwa hiyo Bi Risolat alifanya lile ambalo kila mwanamke wa mtaa ule angefanya. Akimaliza kuoka, aliifunga miguu yake sufu ya ngamia, akakaa mbele ya tanuri na kuinyoosha kwenye majivu ya moto.

Alifanya hivyo miaka na miaka. Ilikuwa inampa raha, na raha ile ndiyo iliyomdanganya. Mishipa iliyolegea huzidi kulegea ikipata joto, lakini majivu hayakumwambia.

"Nilikuwa naikausha miguu yangu kama aprikoti," anasema. "Nikishangaa kwa nini haikauki, inazidi kunona."

Alijaribu pia miruba. Yupo bwana mmoja anayeileta kwenye chupa za kachumbari, anaipachika miguuni na kusoma dua. Bi Risolat hana neno baya juu ya miruba ile. Ilishiba, ikaanguka yenyewe, ikaenda zake. Mishipa ilibaki.

Kisha likaja la kuni. Gogo dogo lilimgonga juu ya kifundo cha mguu wa kulia, mahali ambapo ngozi ilikuwa imeshageuka rangi ya chai. Pakachubuka kidogo, kama mtu aliyekwaruzwa na paka. Mkwaruzo ule haukufunga. Ulikaa majira ya baridi, ukakaa kiangazi, ukapanuka ukawa kidonda chenye maji. Alikificha ndani ya suruali yake pana ya satini, akakifunga vitambaa, akaendelea kuoka.

Aliyemgundua ni mkwewe, Zulhumor, mke wa mwanawe Odil. Katika nyumba za Margilan, mke wa mwana ndiye anayepanga viatu vya watu wote mlangoni kila jioni, ncha zikitazama nje ili mwenye kiatu avae na kuondoka bila kuhangaika. Zulhumor alikuwa na mwaka mmoja tu katika nyumba ile, na bado alikuwa akiongea kwa sauti ya chini. Kila alipokigeuza kiatu cha mpira cha mama mkwe, kile cha kulia, alikuta ndani kumelowa.

Hakusema siku ya kwanza. Siku ya pili pia alinyamaza. Ya tatu alimfuata Bi Risolat jikoni.

"Mama, kiatu chako kimelowa ndani. Na mvua haijanyesha tangu Ijumaa ile."

Bi Risolat alimjibu apange viatu, asivisome. Zulhumor hakuondoka. Alipiga magoti, akaikunja suruali ya satini taratibu, akakiona kidonda, na akaanza kulia bila sauti. Bi Risolat anasema angependelea kugombezwa.

Usiku ule ule Odil akajua. Odil ni fundi umeme, kijana mpole mwenye hasira za polepole, na alikuwa na fedheha yake ya siri: watu mtaani walikuwa wakinong'ona kwamba yeye ana kazi nzuri na bado mama yake anachomeka kwenye tanuri. Alisema hataki kuambiwa anakula jasho la mama. Jasho kwa kweli hakuwa akilila, lakini mkate wake alikuwa akiula, minne kwa siku.

Akaweka sharti. Kama mguu hautapona kabla ya theluji ya kwanza, atalivunja tanuri kwa mkono wake, na mama apumzike kama akina mama wengine.

Bi Risolat hakubishana. Aliwatazama hao akina mama wengine, waliokaa kwenye vitanda vya uani wakihesabu waliokufa, akaona afadhali aende kutibiwa.

Kwanza alipelekwa hospitali ya mji. Daktari mpasuaji, mzee mwenye mikono mikubwa, alimweleza bila kuficha: mshipa mbovu unakatwa kinenani, unakatwa na chini, unavutwa wote nje. Ni kazi anayoijua na haina malipo makubwa. Mgonjwa analazwa, anashonwa, kisha anapumzika nyumbani wiki kadhaa.

Bi Risolat hakuiogopa kazi hiyo. Dada yake Inoyat alifanyiwa, akapona, na alama zake huwaonyesha watu harusini baada ya pilau.

"Upasuaji ulimfaa dada yangu," anasema. "Lakini dada ana mabinti watano wa kumgeuza kitandani. Mimi nina tanuri, na tanuri haligeuzi mtu."

Alichohofia ni kulala. Akilala wiki kadhaa, wateja watazoea mkate wa kiwandani. Mwana atazoea kumwona amelala. Na siku atakayoinuka atakuta uani pamesawazishwa na kupandwa maua.

Ni Zulhumor tena aliyepata njia nyingine. Kwenye simu yake aliona kliniki moja mjini Fergana ambako mshipa haung'olewi, unafungwa kwa ndani kwa leza, kupitia tundu dogo la sindano. Gharama kwa mguu mmoja ilikuwa somu milioni sita.

Nyumba haikuwa na fedha hizo. Ilikuwa na fahali mchanga zizini, aliyekuwa akinenepeshwa kwa ajili ya kuezeka paa upya. Mzee Sobitali, mume wa Bi Risolat, alilitazama paa, akamtazama fahali, akamtazama mke. Alisema atakwenda naye huko kliniki, akahakikishe fahali haendi bure.

Mzee Sobitali alikuwa mgawa maji. Maisha yake yote amefungua na kufunga malango ya mifereji ya mashamba ya pamba, na kuna vijiji viwili ambavyo mpaka leo havimwamkii. Alipoambiwa kwamba mshipa utafungwa, hakupenda hata kidogo.

Daktari wa kliniki ile ni mwanamke kijana, Mavjuda, mfupi, mwenye mazoea ya kuongea na miguu ya watu kabla ya kuongea na wenyewe. Alimsimamisha Bi Risolat juu ya kigoda, akampaka dawa ya baridi, akapitisha kipimo. Kwenye skrini damu ikaonekana kwa rangi: buluu ikipanda, halafu nyekundu ikirudi chini.

Mzee Sobitali alivaa miwani.

"Hilo lango halifungi," akasema.

"Ndiyo, baba," daktari akajibu. "Ndani ya mshipa kuna malango madogo. Yamelegea. Damu ikipanda inarudi, inajaa chini, ndiyo maana kidonda hakifungi."

"Na wewe unataka kuziba mfereji."

"Huu wa juu tu. Ule mkubwa wa ndani ni mzima, nimeupima. Damu itapita huko."

"Maji ukiyazuia hapa yanakwenda kumharibia mtu mwingine."

"Yakiwa mengi, baba. Haya ni machache, na mfereji wa ndani ni mpana."

Mzee aliifuata ile nyekundu kwa kidole mpaka chini. Kisha akamgeukia mke wake na kumweleza kwamba jambo lenyewe ni rahisi kabisa, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilisema tangu mwaka juzi na hakuna aliyemsikiliza.

Bi Risolat naye alikuwa na lake. Aliuliza vipi mtu aliyeharibiwa na moto aponywe kwa moto. Daktari alicheka, halafu akajibu kwa makini. Joto la nje hulegeza. Hili la leza huingia ndani ya mshipa kwenye uzi mwembamba, hukaza ukuta wake mpaka ukajifunga, na mwili wenyewe huumaliza polepole.

Alimwambia pia yale ambayo wenye kuuza dawa sokoni hawasemi. Si kila mguu unafaa. Mshipa uliopinda sana uzi haupiti. Mguu unaweza kuvilia damu na kuuma kwa siku kadhaa. Mishipa mingine midogo inaweza kuota baadaye ikahitaji sindano. Ipo pia njia ya kuufunga kwa gundi, lakini hiyo ingemaliza fahali na mamaye. Na soksi ya kubana ataivaa, apende asipende. Mguu wa kushoto nao una mishipa, ila unaweza kusubiri.

Bi Risolat alisikiliza yote, akauliza swali moja.

"Nitasimama lini?"

"Ukimaliza utateremka kitandani mwenyewe, utavaa viatu vyako, utaenda kutembea ukumbini."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo, mama."

Akamgeukia mume wake. "Baba Odil, fahali auzwe."

Asubuhi ya tiba Mzee Sobitali alishikilia kwamba mke wake aung'ate mkate. Ndivyo wanavyofanya: anayeondoka kwenda mbali, jeshini au kutafuta kazi Urusi, huung'ata mkate mara moja, na mkate hutundikwa ukutani kumsubiri. Iko nyumba mtaa ule ambayo mkate wa kijana wao umetundikwa mpaka umekuwa kama kigae. Bi Risolat alisema anakwenda Fergana, si vitani. Mtu huenda Fergana kununua vifungo. Mzee hakusikia. Akang'ata, mzee akautundika kwenye msumari, akageuka upande wa pili afute macho.

Kliniki walimlaza akiwa macho. Alichomwa sindano za ganzi kando ya mshipa, moja baada ya nyingine, na anasema hizo ndizo zilizomkera, kama nyuki wenye adabu. Uzi ulipoingia hakuusikia. Mashine ilikuwa ikilia pi, pi, pi.

"Kila ilipolia nilitaka kunyoosha mkono nitoe mkate," anasema.

Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kuoka mkupuo mmoja na kusafisha jivu. Walimvisha soksi ndefu ya kubana, kidonda wakakifunga, na yeye akavaa viatu vyake mwenyewe. Mzee Sobitali, ambaye alikuwa amebeba mto, blanketi na chupa ya chai ya kumuuguza, alimwona akija ukumbini kwa miguu yake, akashindwa aweke wapi mto.

Walifika nyumbani kabla ya sala ya alasiri. Mkate ulikuwa msumarini, laini bado. Wakauteremsha, wakaula na zabibu. Odil anasema baba yake alionekana kama mtu aliyeandaa maombolezo akanyimwa maiti.

Maagizo ya daktari yalikuwa mepesi: tembea kila siku, soksi mchana kutwa, usisimame mahali pamoja, usikae mbele ya moto kwa wiki za mwanzo, na usilale kutwa. Bi Risolat aliyafurahia yote. Asiloliwaza ni kwamba mtaa haukuwepo wakati daktari anasema.

Margilan hawamwachi mgonjwa peke yake. Habari zilipoenea kwamba Bi Risolat ametoka hospitali, akina mama walianza kuja, na sambusa, na tikiti, na kuku mzima ndani ya shuka. Mtu anayekuja kumwona mgonjwa anataka kumwona amelala. Akimkuta anafagia, kuku yule anamweka wapi?

Aliyeongoza msafara alikuwa wifi yake, Bahriniso, dada mkubwa wa Mzee Sobitali. Bahriniso alitandika magodoro mawili, moja juu ya jingine, akamshika Bi Risolat mabega.

"Lala, wifi. Watu wakikukuta umesimama watasema hatukuthamini."

Na Bi Risolat, aliyekuwa amemshinda daktari mpasuaji, mume na mwana, alilala. Wifi mkubwa hakatazwi. Walimfunika mifarishi, wakamzunguka, wakasimuliana habari za watu waliokatwa miguu. Alilala kutwa nzima. Jioni mguu ulikuwa mzito kama gunia la unga lililonyeshewa, na Zulhumor, aliyekuwa akimimina chai huku roho imemruka, alikwenda nyuma ya zizi kumpigia daktari.

Dk. Mavjuda hakuongea na mguu siku hiyo. Aliongea na Zulhumor, kwa ukali. Damu ikitulia mahali pamoja huganda, na damu iliyoganda inaweza kupanda mpaka kifuani. "Mwambie mgonjwa wangu ainuke. Sasa hivi."

Kwa hiyo kesho yake Bi Risolat alikuwa na matatizo mawili. Akilala, anajihatarisha. Akikataa kulala, anawadharau wageni waliokuja na kuku. Alifikiri huku akivaa soksi, kazi ambayo peke yake ni safari, kisha akapata njia.

Alitangaza kwamba chai ataimimina mwenyewe.

Huko kwao chai kidogo ndiyo heshima. Mwenyeji humimina funda moja au mawili chini ya kibakuli, mgeni akanywa, akarudisha, akaongezewa kidogo tena. Maana yake ni kwamba tunakupenda, usiondoke, tuzidi kuonana. Bi Risolat aliwapenda wageni wake siku ile kuliko siku zote. Alimimina funda moja, lenyewe dogo. Na birika aliliweka mwisho wa ua, karibu na zizi.

Alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi. Mwanamke anayewahudumia wageni hakuna awezaye kumlaza. Akina mama walikunywa wakasifu ukarimu, wakaulizana mgonjwa ana nini hasa. Zulhumor alikaa pembeni akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitambaa.

Iliendelea hivyo siku kadhaa, na mguu ukawa mwepesi. Hapo ndipo Bahriniso alipokuja na ngozi ya kondoo. Alikuwa amemchinjisha kondoo kwa gharama yake, na ngozi ameibeba kifuani ikiwa bado na joto. Hii ni dawa kubwa; mtu huvikwa ngozi mbichi ikanyonya baridi yote. Akaamuru soksi ivuliwe.

"Hicho kisoksi kitakunyonga mguu, wifi. Kimetengenezwa na mashine. Hii imetengenezwa na Mungu."

Ua ulikuwa umejaa watu. Bi Risolat alijua kondoo yule alikuwa ametoka kwenye upendo, na anasema mpaka leo hilo ndilo lililokuwa gumu. Lakini chini ya ile soksi kidonda kilikuwa kimeanza kunywea pembeni, kwa mara ya kwanza tangu gogo lile. Alichukua kibakuli cha wifi yake, akainamisha birika, akamimina. Akamimina mpaka chai ikasimama ukingoni, imejaa, inatetemeka.

Kibakuli kilichojaa, hata mtoto mdogo anajua maana yake: kunywa, uende kwenu.

Bahriniso aliitazama chai. "Umekosea kumimina, wifi."

"Sijakosea, wifi. Kunywa taratibu, usijimwagie."

Bahriniso aliondoka bila kunywa, na ngozi akaiacha. Hawakusemezana tena. Matikiti yalikwisha, yakaja makomamanga, nayo yakaisha.

Wakati huo wote tanuri liliwashwa na Zulhumor. Mikate yake ya kwanza ilikuwa haishiki ukutani. Ilidondoka kwenye majivu mmoja baada ya mwingine, na iliyobaki ilikuwa na sura ya kitu kilichokaliwa. Bi Risolat alitembea uani huku na huku akimpa maelekezo kwa mbali, kama kamanda aliyekatazwa kugusa bunduki. Wateja walinunua, wakasema wamezoea kununua hapo, wakawapa kuku wao. Baada ya wiki chache walianza kuula wenyewe.

Theluji ya kwanza iliwahi mwaka ule. Odil alitoka asubuhi, akasimama kando ya tanuri, mikono mifukoni. Hakuwa ameshika nyundo, ila kila mtu alijua kwa nini amesimama. Bi Risolat alimwita ndani, akavua soksi, akafungua kitambaa. Kile kidonda kilichokuwa kinaenea kiganja kilikuwa kimebaki kama dengu.

"Dengu moja, mwanangu," akamwambia. "Huwezi kuvunja tanuri kwa ajili ya dengu."

Odil aliinama kuutazama mguu wa mama yake. Kisha akatoka, akapangusa theluji kwenye kifuniko cha tanuri kwa mkono mtupu, akaenda kazini. Dengu ile ilijifunga kabla mwaka haujageuka.

Sasa Bi Risolat anaoka kwa zamu na mkwewe. Ana kiti karibu, anakaa akikanda unga, na baada ya mkupuo wa mwisho hulala chali miguu ikiwa juu ya gunia la unga, jambo ambalo mwanzoni liliwatisha wapita njia. Majivu, yakishapoa, anaimwagia mizabibu. Mzee Sobitali hukung'uta ile soksi na kuianika mwenyewe, na mvua ikivuja kupitia paa husema mguu wa mke wake umekula fahali mzima, na hajawahi kumwona ng'ombe aliyeingia mahali pazuri zaidi.

Kila Ijumaa mkate wa ufuta unakwenda Fergana kwa Dk. Mavjuda. Daktari aliwahi kulalamika kwamba ananenepa. Bi Risolat alimtumia miwili.

"Nikimaliza kusali nawataja wote kwa majina," anasema. "Daktari, mkwe wangu aliyesoma viatu, baba Odil na fahali wake. Na wifi pia. Yeye peke yake alinichinjia kondoo."

Wifi alirudi majira ya kuchipua. Alikuja siku isiyo ya wageni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha uani, akaongelea bei ya vitunguu. Kisha, akitazama pengine, akauliza kama huyo daktari huwatazama watu wazima. Bi Risolat alimmiminia funda moja, akaenda kutafuta koti.

Walikwenda pamoja. Ilibainika kwamba mishipa ya Bahriniso ni mizima kama ya msichana. Kinachomuuma ni magoti. Alirudi amekasirika njia nzima. Safari yote ile, anasema, na akaoga, halafu anaambiwa magoti, kana kwamba magoti hakujua anayo. Siku hizi anafanya mazoezi aliyopewa, akimshika wifi yake mkono, wawili hao wakiinuka na kushuka kando ya tanuri, na jirani ameuinua ukuta wake kidogo.

Zizini yupo fahali mwingine. Ananenepa vizuri na hana habari. Mavuno ya pamba yakiisha atauzwa, na Bi Risolat atakwenda Fergana kwa mara ya pili. Safari hii pia Zulhumor ndiye atakayebaki na tanuri, na hakuna atakayetandika godoro.

Anatoa mkate wa mwisho, anaupuliza, anaugeuza uso juu kama inavyotakiwa, na kuinuka tena kwa ncha za vidole.

"Mguu wa kushoto haulalamiki siku hizi," anasema. "Nimeuambia zamu yake iko karibu."